Mama, Kuhusu Zile Karatasi Tisa

Mama,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Najua hutojibu, lakini sijapata kuingia chumbani kwako bila ya kukuamkia, na sioni kwa nini nianze leo.

Umetimiza miezi minane. Wanaume wa nyumbani huenda kukuzuru Ijumaa wakitoka msikitini. Mwanao Nassor hurudi na vumbi viatuni, ananiambia kaburi li salama. Sisi wanawake wa hapa Omani hatuendi makaburini. Basi nimekaa sebuleni peke yangu, Shamsa yuko skuli, Baba Nassor yuko dukani kwake Firq, nikaona nikuandikie. Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa mimi na wewe hatujapata kuambizana jambo la maana kwa lugha nyengine. Lipo jambo la jana ndilo lililonikalisha hapa. Nitalifikia, lakini siwezi kuanza nalo.

Nianze na kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku ile tulipokuosha nilikuwa upande wa mkono wako wa kulia. Wifi yangu Thuwaiba alimimina maji, mimi nikipitisha kitambaa. Tulipofika maji ya mwisho, yule mama mwoshaji akafungua kafuri, harufu ikajaa chumba kizima. Thuwaiba akalia kwa sauti. Wanawake waliokuwa mlangoni nao wakalia. Mimi, nisamehe Mama, nilitaka kutabasamu. Ule wino wako wa Kichina ulitiwa kafuri, na kila ulipousaga chumba kilinukia vivyo hivyo. Kwa wenzangu ile ilikuwa harufu ya msiba. Kwangu ilikuwa harufu ya saa nne za asubuhi, chai imepoa pembeni, na wewe unanambia, "Polepole, mwanangu, hufui nguo."

Pembeni mwa ukucha wako palikuwa na weusi kidogo. Mwoshaji alisugua, alisugua, haukutoka. Nikamwambia, "Uwache huo. Ni wino."

Nilikuwa na mama wawili, na wa Sur alikuwa akikuonea wivu. Unakumbuka? Mama yangu mzazi alizaliwa Unguja, na siku niliyoposwa alisema, "Unakwenda kwa watu wa bara, wa Tabora, watakusongesha ugali mpaka mikono ipasuke." Nilifika kwenu Nizwa miaka ya tisini mwanzoni, nimemaliza chuo kikuu, mwalimu wa sanaa, nina mabegi mawili ya nguo na turubai nne nilizozichora, kubwa kuliko mlango. Nassor alicheka, akasema ameoa fundi wa mabango. Wewe ulizitazama zile turubai, ukaniuliza kitu kimoja tu: "Zinaogopa jua?" Nikakwambia ndiyo. Ukahamisha kabati lako la vyombo, ukanipa ukuta wa chumba cha nyuma usiopigwa na jua.

Chuoni tulikuwa na mwalimu wa Kiiraki. Yeye alitufundisha zile picha zisizoonyesha kitu: hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna mtende, ni rangi na mistari na nguvu ya mkono, kama wachoraji wa Ulaya na Marekani walivyokuwa wakifanya. Nilizipenda siku ya kwanza. Niliona zinasema mambo ambayo mimi kwa mdomo siyawezi. Alikuwa akipita nyuma yetu anasema, "Jaza! Jaza mpaka ukingoni. Pengo ni woga." Nami nikijaza. Rangi za mafuta, nene, tabaka juu ya tabaka. Baba akipita mlangoni huuliza, "Hii imekwisha au bado?" Nikimwambia imekwisha, husema, "Mashallah," na kwenda zake upesi.

Halafu akazaliwa Shamsa, na kifua chake. Huna haja ya kukumbushwa; wewe ndiwe uliyekuwa ukimkalisha wima mapajani mwako, unamsugua mgongo, mimi nikiwa nimeganda na chupa ya dawa mkononi. Daktari aliuliza kuna nini nyumbani. Nikamwambia rangi za mafuta, na tapentaini ya kuoshea burashi. Akaniangalia tu. Jioni ile nilipandisha kila kitu stoo ya juu ya dari, nikafunga mlango. Hakuna aliyenikataza, Mama. Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia.

Nikajifanya sijali. Lakini nikawa mbaya. Nikigonga masufuria, nikimjibu Nassor kwa neno moja moja. Namwangalia mwanangu anavyohema namwonea huruma hadi machozi, na chini ya huruma ile pana kijiuchungu chengine ambacho nilikionea haya. Sikukisema kwa mtu. Nilidhani hakionekani.

Wewe ulikiona. Asubuhi moja, wanaume wameshatoka, uliniita chumbani kwako. Ulipiga magoti, wewe na magoti yako yale, ukavuta kisanduku cha mbao kutoka chini ya kitanda. "Njoo uone upuuzi wangu wa ujanani," ulisema.

Ndipo nilipopata kujua. Kwamba ulipokuwa msichana Tabora ulikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, na walikuja madaktari wa Kichina, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Daktari Lin. Yeye hajui Kiswahili, wewe hujui Kichina. Saa ya mapumziko ya mchana alikuwa akisaga wino juu ya kijiwe na kuchora mianzi, na wewe ukisimama nyuma yake na beseni mkononi, husogei. Siku moja akakupa burashi. Miaka miwili alikufundisha kwa kukushika mkono, mpaka aliporudi kwao. Alikuachia kijiwe, vipande vya wino mkavu, burashi tatu za manyoya ya mbuzi, na bunda la karatasi laini. "Tangu hapo nachora peke yangu," ulinambia, "kama mja mzito anayekula udongo."

Halafu ukasema maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka: "Huu hauna sumu. Ni masizi na maji. Mtoto hatodhurika."

Ngoja nikiri, maana sasa huwezi kunifinya. Ulipozikunjua zile picha zako, mianzi, ndege wawili, mwamba, nilisema moyoni: hizi ni picha za kalenda. Kama zile zinazoning'inia kwenye mikahawa ya Kichina kule Maskati. Mimi nimesoma chuo kikuu, mimi nachora mambo makubwa, nije kukaa mkekani nichore majani? Lakini nilikuwa na njaa ya kuchora. Nikakaa.

Mwaka mzima ulinichoresha mianzi juu ya magazeti. Pingili, pingili, jani. Ukinipiga kofi la kifundo cha mkono. "Burashi isimame." "Pumua kwanza, ndiyo ushuke." Nikitaka kurudia mstari ulioharibika ulikuwa unaivuta karatasi chini ya mkono wangu: "Ukishapita usirudi. Mstari hautiwi viraka." Na nikijaza karatasi, kama nilivyofundishwa, ulikuwa unasikitika kama mtu aliyemwagiwa mchuzi. "Uwache weupe, Raya. Watu watapita wapi?" Yule mwalimu wangu wa Kiiraki angekusikia angeanguka. Yeye pengo aliliita woga, na wewe ulikuwa unalitunza kama kitu cha watu.

Sasa nifike kwenye zile karatasi tisa.

Bunda la Daktari Lin lilikuwa limebaki karatasi tisa tu, kubwa, umezizungushia kanga, ziko chini kabisa ya kisanduku. Sisi tulikuwa tukitumia karatasi za dukani ambazo wino ulikuwa unatambaa juu yake ovyo. Nilikuuliza zile za ndani ni za nini. Ukasema, "Hizo nitazichora siku nikijua kuchora." Nikacheka. Wewe hukucheka.

Mwezi ule Shamsa alibanwa vibaya, akalazwa siku mbili. Tulipomrudisha nyumbani, wewe ulikuwa umekwenda Ibra kwenye harusi ya mpwa wa Baba. Mtoto amelala, anahema vizuri, alhamdulillah. Mimi siwezi kulala. Siwezi kukaa. Nikaingia chumbani kwako, nikafungua kisanduku, nikafungua kanga. Sikufikiri. Au nilifikiri, nikaendelea. Nilichukua ile burashi pana tuliyopakia rangi geti, nikasaga wino bakuli zima, nikazitandaza sebuleni chini. Sikuchora mwanzi. Nilichora kama nilivyokuwa nikichora chuoni, kwa bega, kwa mgongo, nikimwaga, nikikwaruza. Ilipoadhiniwa adhuhuri nilikuwa nimezimaliza zote.

Ulirudi alasiri. Ulisimama mlangoni na buibui lako, begi bado mkononi. Ulizitazama moja baada ya moja. Halafu ukavua buibui, ukalitundika, ukaenda jikoni, ukaosha mchele.

Siku tatu hukunisemesha, isipokuwa "chumvi" na "mlango". Nilimwambia Nassor, akashika kichwa. "Yale makaratasi? Thuwaiba aliomba moja tu afungie zawadi, Mama alimfukuza!" Nilitaka kuja kukupigia magoti, na kila nikifika mlangoni kwako narudi nyuma. Nilisema moyoni basi, nimeuvunja moyo wa mtu pekee aliyeniona.

Siku ya nne uliniita sebuleni. Ulikuwa umezipanga karatasi zote tisa sakafuni, na vikombe vya kahawa juu ya pembe zake. Ukanionyesha nne za upande wa dirisha. "Hizi umegomba tu." Ukanionyesha nne nyengine. "Hizi unaniiga mimi, mianzi umeificha lakini imo." Halafu ukasimama mbele ya ile moja iliyobaki. Ilikuwa karibu nyeupe tupu. Mstari mmoja mpana unaingia kutoka kushoto, unafifia, unakwama, unakatika, halafu unatoka tena chini, mkavu, kama umekwaruzwa kwa ufagio.

"Hii ulikuwa unawaza nini?"

Nikakwambia, "Shamsa anavyohema."

Ulikaa chini, Mama. Ulikaa palepale sakafuni. Kidole chako kikaufuata ule mstari bila ya kuugusa. "Hapa inakwama," ulisema. "Hapa tunamkalisha. Hapa imetoka." Halafu ukasema, "Daktari Lin alinionyesha mwanzi bila ya jani, na jani bila ya mwanzi. Hakunionyesha kwamba mtu anaweza kuviacha vyote viwili na kitu kikabaki."

Nikaanza kukuomba msamaha, maneno yananitoka vipande vipande. Ukanikata. "Sikukasirika kwa sababu ya karatasi. Nilikasirika kwa sababu mie nimeziogopa miaka ishirini na zaidi, na wewe umezimaliza asubuhi moja."

Nililia. Nawe ukasema, "Haya, basi. Kalete chai."

Kila nilicho mimi leo kama mchoraji kimetoka kwenye alasiri ile. Nataka ulijue hilo. Watu wakiniuliza huwa nasema nimesomea chuo kikuu, kwa sababu ndilo jibu wanalolitaka. Lakini nilichosomea chuo kilikuwa nusu, na nusu ya pili ulikuwa nayo wewe chini ya kitanda. Kwa yule Mwiraki nilipata ukubwa, na ujasiri wa kuacha kitu kisifanane na kitu. Kwako nikapata pumzi, na weupe, na wino ambao kutoka bakuli moja unatoa weusi mzito na kijivu chepesi kama ukungu wa mlimani. Tulikuwa tukigundisha karatasi tatu tatu, tukisogeza mito ya sebule, wewe unashika ncha zisiruke, mimi napita na burashi pana. Ukiona nataka kurudia mstari ulikuwa unakohoa. Nilipoleta nila kutoka sokoni Nizwa, niitie kidogo kandokando ya weusi, uliikunjia uso. "Hii si buluu ya kufulia kanzu?" Wiki ya pili nilikukuta unaichanganya mwenyewe.

Karatasi zikawa tabu. Baba alipoanza safari zake za China, kununua vipuri vya duka, ulimwomba alete wino na karatasi za kuchorea. Akarudi na katoni nzima ya wino wa mashine ya kopi! Tulicheka mpaka ukashika mbavu, naye amesimama katikati ya sebule, hajui kosa lake. Safari ya pili ulimchorea kwenye kikaratasi: burashi, kipande cha wino, karatasi iliyokunjwa. Akakitia mfukoni mwa dishdasha. Alipita nacho sokoni, akimwonyesha kila mtu, na akarudi ameyapakata mabunda mapajani ndani ya ndege, ati yasivunjike. Ulisema, "Ahsante, Baba Nassor." Akasema, "Mazito haya," akaenda kuoga.

Na yale maonyesho ya walimu hapa Nizwa. Fremu tulizitengenezesha Firq, kwa fundi wa madirisha ya alumini, akatuuliza juu ni wapi. Ukamwambia, "Hata sisi tulibishana." Ukumbini alikuja bwana mmoja mkubwa, kanzu imenyooka, akasimama mbele ya ile picha ya pumzi ya Shamsa, akauliza kwa Kiarabu, "Hii ni ya Kichina au ya Kizungu? Maana ya kwetu siioni." Mimi nikaanza kueleza, kigugumizi. Ukaingia wewe, na Kiarabu chako kile cha Tabora: "Kaa nayo kwanza, mwanangu. Hata kahawa huinywi umesimama mlangoni." Wanawake wawili nyuma yetu walichekea lafudhi yako. Nami, Mama, kwa dakika ile, nilikuonea haya. Niliangalia chini. Halafu nikainua macho nikaona yule bwana amevuta kiti. Kweli amekaa. Akakaa kitambo, akasema, "Kuna mtu mgonjwa humu." Ukamwambia, "Alikuwa. Sasa hajambo."

Ile haya ya dakika moja imenifuata miaka mingi. Sikukuomba radhi. Nakuomba leo.

Sukari ilipokumaliza miguu, na baadaye figo, ulichora ukiwa umeegemea mito. Siku mbili za mwisho, hospitalini, ulirudi Tabora kabisa. Ulimwita nesi wa Kihindi "Daktari Lin", na yeye, Mungu ambariki, akawa anaitika. Ulimwonyesha kwa kidole hewani jinsi ya kushusha jani. Asubuhi baada ya alfajiri ulikwenda, mkono wako ndani ya mkono wa Thuwaiba, na mimi nikiwa nimeshika mguu. Nilishika nilichokipata.

Tangu hapo? Thuwaiba amechukua kitanda chako, nilimwachia. Shamsa ana miaka kumi na miwili, anakimbia mbio za skuli, dawa yake ya kupuliza tunaisahau nyumbani na haturudi kuifuata. Ugali napika mimi sasa, na mama yangu akija kutoka Sur anaula kimya kimya na kuongeza. Kuchora niliacha. Miezi minne sikugusa kijiwe. Nilikuwa nikikitazama naona nikisaga nitasikia harufu ile, na safari hii haitokuwa ya saa nne asubuhi.

Halafu alikuja Baba. Alasiri moja alirudi mapema kutoka dukani, akasimama mlangoni kwako akikohoa. "Raya," alisema, "ile kazi ya kusaga, mimi naiweza?" Nilidhani sikusikia vizuri. Akakaa mkekani, mikono yake ina weusi wa grisi, akashika kipande cha wino kama anavyoshika bolti. Nikamwonyesha. Tangu siku hiyo huja kila alasiri. Anasaga kwa haraka, maji mengi mno, wino mwepesi kabisa. Hasemi kitu. Na mimi, kwa kuwa wino umeshasagwa na mzee ananitazama, nikalazimika kuchora.

Jana ndipo aliposema. Hakuinua macho kutoka kwenye kijiwe. Alisema mlipokuwa mnaondoka Tabora kuja huku mliruhusiwa mizigo michache, akakwambia kisanduku cha mbao ukiache. Hukubishana naye. Mlipofika na kufungua mabegi, hakukuwa na masufuria. Yale masufuria ya harusi aliyokupa mama yako, uliyaacha yote kwa jirani, na mahali pake umetia kisanduku na bunda la karatasi. "Tulipikia sufuria ya kuazima mwezi mzima," Baba alisema. "Nilimnunia. Tangu hapo nikimwona anachora nageuza uso, asione kama nimeona. Kwanza kwa hasira. Baadaye hasira ilikwisha, nikabaki nageuza uso tu, sijui namna ya kuacha. Miaka yote ile sikumwambia zinapendeza. Na zilikuwa zinapendeza, Raya. Nilikuwa naziangalia akishaondoka."

Alilia, Mama. Baba Nassor, nilikuwa sijamwona akilia hata ulipotolewa nyumbani. Sikupata neno, nikaenda kumletea maji.

Neno limenijia leo asubuhi, nafagia chumba chako. Ule mlango wa chumba, alasiri, ulikuwa unauacha wazi siku zote ukichora, na upepo unaleta vumbi la barabarani mpaka kwenye wino. Siku moja nilitaka kuufunga. Ukanambia, "Uwache. Baba yenu anapita." Nilidhani unamaanisha asijigonge. Miaka yote nimedhani hivyo.

Kwa hiyo ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua anaangalia, na ulikuwa unamwachia nafasi.

Ahsante, Mama. Kwa ukuta usiopigwa na jua. Kwa masizi na maji. Kwa siku tatu za kuninunia, ambazo nilizistahiki, na kwa siku ya nne, ambayo sikuistahiki. Kwa kunipa kazi yangu tena bila ya kumnyima mwanangu pumzi. Mama yangu wa Sur anakusalimu. Alisema nikiandika niseme.

Mungu akupanulie ulipo, akutilie nuru, na upepo mzuri. Nakuaga hapa, maana ni karibu saa tisa na gari la Baba halichelewi. Nakuahidi kitu kimoja: kuhusu ule mlango atajua leo, kabla hajavua viatu.

Mkaza mwanao,
Raya